Bodi la Pikapu ya Zamani Juu ya Chasisi ya Kisasa: Maswali Tunayoulizwa Gereji, Tanga

Ukiwa na gereji Tanga huwezi kumkosa mtu wa namna hii: ana Land Rover ya babu yake imelala chini ya mwembe huko Muheza, ameona Hilux ya ajali inauzwa Korogwe, na ana wazo. Wazo lenyewe si baya. Maswali yake tumeyaweka hapa pamoja na majibu tunayowapa watu ana kwa ana, ili anayekuja aje ameshapima.

Kwa nini nisitengeneze tu chasisi yangu ya zamani?

Kama imenyooka na kutu yake ni ya juu juu, itengeneze. Tutakwambia hivyo hata kama kazi itatupita. Shika nyundo ndogo, lala chini ya gari, gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na pengine nyundo inazama. Kwenye Land Rover gonga zaidi zile pembe zinazochomoza pembeni kushikilia ukuta wa injini (ule unaotenga injini na kebini), na boriti ya nyuma kabisa inayofungwa ndoano ya tela. Chasisi yake ni boksi lililozibwa pande zote nne: maji na matope yakishaingia hayana haraka ya kutoka, kutu inaanzia ndani, na wewe kwa nje unaona rangi nzima.

Bodi la gari hilohilo ni habari nyingine. Land Rover zilianza 1948, wakati chuma cha karatasi kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, zikavishwa bodi la aloi ya aluminiamu. Kwa hiyo gari lililofanya kazi miaka yote kwenye mashamba ya mkonge unalikuta milango na boneti vipo, chini hakuna kitu. Hapo ndipo chasisi ya kisasa inapoingia akilini.

Sababu ya pili ni uendeshaji. Gari la aina ile lina breki za ngoma magurudumu yote, usukani usio na msaada wa hidroliki, na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ambayo lori la saruji kutoka Pongwe litaipita mlimani. Kabla ya Series III ya 1971, gia ya kwanza na ya pili hazikuwa na sinkro, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, unazibembeleza. Wapo wanaoyapenda haya yote. Kama wewe ni mmoja wao, au kama gari lako lina vitu vyote vya kiwandani na unafikiria siku moja kuliuza kwa watu wanaotafuta magari ya kale, usiliguse. Thamani yake iko katika kutokuguswa.

Pikapu yoyote ya zamani inaweza kuhamishwa?

Hapana. Inayoweza ni ile ambayo bodi na chasisi ni vitu viwili vilivyofungwa kwa bolti. Land Rover 109, Land Cruiser za FJ45 na HJ47, Chevrolet 3100 za kuanzia 1947, Ford F-1 ya 1948, hizo zote bodi linanyanyuka.

Lakini pikapu ndogo nyingi zimetokana na magari ya saluni, na saluni nyingi hazina chasisi. Sakafu na kuta za bodi ndizo zinazobeba kila kitu. Ukilivua bodi la namna hiyo na kuliweka juu ya chasisi ya gari jingine, unakuwa umebeba chasisi mbili. Na usiamini jina la gari. Morris Minor ya saluni haina chasisi, ila pikapu yake wenyewe waliitengenezea. Ingia chini uangalie.

Chasisi ya gari gani nichukue?

Swali hili ndilo linaloamua kama kazi yako itaisha au itaota majani nyuma ya gereji, kwa hiyo tutakaa nalo.

Watu wengi wanaanza na bei. Wanapata Hilux iliyopinduka, bei nzuri, wananunua, halafu ndipo wanakuja na futi. Anza na futi. Kipimo cha kwanza ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Hapa tutauita umbali wa ekseli. Bodi la zamani lina matao ya magurudumu, na matao hayahami kirahisi.

Chukua Land Rover 109. Hiyo 109 ni inchi za umbali wa ekseli, sawa na mm 2,769. Hilux Vigo ndefu, ile iliyotoka 2004, ina mm 3,085. Tofauti ni mm 316, zaidi ya futi moja. Ukilaza bodi juu yake, gurudumu la mbele likikaa kwenye tao lake, la nyuma linaangalia karibu na taa. Defender 110, iliyotoka 1983 kabla ya kupewa jina la Defender, ina mm 2,794, tofauti mm 25 tu, na hata namna ukuta wa injini unavyoshikwa inafanana, maana ni ukoo mmoja. Mwenye Land Rover 109 tunamwambia atafute Defender ya ajali kabla hajatafuta kitu kingine, na kama haipati, asubiri.

Mwenye Land Cruiser ana bahati zaidi. FJ45 na HJ47 ndefu zina mm 2,950. Land Cruiser ya 75, iliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi 1999, ina mm 2,980. Milimita 30 unazimaliza kwa fundi bodi hodari na siku za utulivu. Ile ya 79 inayotumika sasa ina mm 3,180, na hapo umeshaingia kwenye mm 230 za kutafutia mahali.

Chevrolet 3100 ina inchi 116, yaani mm 2,946. Kwao Marekani wanaipandisha sana juu ya Chevrolet S-10 ya kebini moja na bodi refu, yenye inchi 117.9, na Ford F-100 wanaipandisha juu ya Crown Victoria ile ya polisi. Ukisoma maelekezo yao usiyachukue mazima. S-10 utaipata wapi hapa, na usukani wake uko kushoto. Kwa vipimo, Land Cruiser 75 inaikaribia Chevrolet hiyo vizuri tu, na bushi zake zinapatikana bila kuagiza ng'ambo.

Kipimo cha pili ni upana, gurudumu hadi gurudumu. Land Rover ya zamani ina bodi la upana wa mm 1,676 na magurudumu yake yamesogea ndani, karibu mm 1,310 kati kwa kati. Vigo ya kupanda milima ina mm 1,540. Ongeza upana wa tairi, utaona kila upande tairi linatokeza nje ya bodi kwa karibu mm 60, na kila dimbwi utakalokanyaga litakuogesha dirishani. Defender yenyewe ina mm 1,486. Ndiyo maana kiwandani waliipachika zile kope za plastiki juu ya matao. Kope hizo unaweza kuzitumia na wewe. Kwa mwenye kutaka 79 ya kuanzia 2007, ajue kwamba mbele ilipanuliwa na nyuma ikaachwa, zimepishana karibu mm 95. Juu ya bodi la zamani lililonyooka ubavuni, jambo hilo linaonekana hata kwa mtu asiyejua magari.

Kipimo cha tatu ni nyaraka. Tutafika huko, lakini kaa ukijua kwamba chasisi isiyo na kadi ya usajili, hata ikilingana na bodi hadi milimita ya mwisho, si mali.

Napimaje mwenyewe nyumbani?

Unahitaji sakafu ya saruji iliyo sawa, chaki, uzi, timazi, futi ya chuma na mtu wa pili. Pump tairi zote nne upepo sawa. Nyoosha magurudumu ya mbele. Shikilia timazi katikati ya kapu la gurudumu, iache itulie hadi ncha isimame, halafu weka alama ya msalaba sakafuni. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne, sogeza gari, na sasa una alama nne kwenye saruji.

Pima mbele hadi nyuma kushoto, kisha kulia. Vikipishana, ekseli imekaa upande. Halafu pima kona kwa kona, kushoto mbele hadi kulia nyuma, na kulia mbele hadi kushoto nyuma. Hivi viwili ndivyo vinavyomtia aibu muuzaji wa gari la ajali, maana rangi inaficha kila kitu isipokuwa kona. Ukiona vimepishana zaidi ya mm 5, rudia kupima. Vikibaki hivyo, chasisi imepinda au springi imehama. Ukiweza kuivua bodi, fanya tena kwenye chasisi tupu kwa kutumia matundu ya bolti za bodi.

Kwenye bodi la zamani pima kutoka ukuta wa injini hadi katikati ya kila tao, na urefu kutoka sakafuni hadi chini ya kizingiti cha mlango. Andika kwenye karatasi, piga picha karatasi hiyo. Chaki ya sakafuni inafutwa na mvua ya kwanza, na Tanga mvua haiulizi msimu.

Chasisi imezidi urefu. Naikata?

Msimamo wetu, na tunajua wapo mafundi wasiokubaliana nasi: bodi ndilo linalokatwa, chasisi iachwe. Chasisi ya kisasa ilipimwa kiwandani ikiwa nzima, pamoja na springi, breki na usukani wake. Ukiikata kati ya ekseli mbili umechukua kitu pekee kilichokuwa na uhakika katika mradi wako ukakifanya cha kubahatisha. Bodi likikatwa vibaya utaona pengo. Chasisi ikikatwa vibaya utaona kwenye mteremko.

Kuna njia tatu za kupata nafasi bila kukata kati ya ekseli.

Ya kwanza ni kukata mkia. Sehemu ya chasisi iliyobaki nyuma ya vishikio vya springi inaweza kufupishwa na kuzibwa kwa boriti mpya bila kugusa mwendo wa gari. Angalia tu tangi na tairi la akiba vinakaa wapi.

Ya pili ni kugawa tofauti. Kwenye FJ45 au Chevrolet, kebini na bodi la mizigo vimetengana, katikati kuna upenyo. Ukisogeza bodi la mizigo nyuma kwa mm 30, upenyo unaongezeka kidogo na hakuna atakayeuliza. Kwenye Land Rover 109 hila hii haipo: sehemu ya mizigo imeungana na mgongo wa kebini, hakuna upenyo wa kuchezea.

Ya tatu ni kuhamisha tao la gurudumu la nyuma. Kata tao na ukingo wake, lisogeze, ziba ulikotoka kwa karatasi ileile ya bodi. Ni kazi ya fundi bodi anayejua kuchomelea karatasi nyembamba bila kuikunja kwa joto. Kwa aluminiamu tafuta mwenye mashine ya gesi ya agoni. Mwenye fimbo za kawaida asikudanganye kwamba ataweza, ataitoboa.

Zaidi ya hapo, kama bado unataka kufupisha, kata isiwe wima. Ikatwe mshazari au kwa umbo la ngazi, ndani iwekwe boksi la kuunganisha linalopita mbali na mkato pande zote mbili, na mchomeleaji awe na cheti na mazoea ya chuma kinachobeba mzigo. Propela shafti nayo itafupishwa, na ikishafupishwa lazima ibalansiwe kwenye mashine, la sivyo utasikia mtetemo ukifika kilomita 70 kwa saa na krosi, yaani viungo vyake vinavyojipinda, zitakufa moja baada ya nyingine. Uingereza kuna watu wengi waliokata chasisi za Range Rover na Discovery, zenye inchi 100, ili kuzivisha bodi la Land Rover fupi ya inchi 88. Wengine wakachoka kukata wakarefusha bodi. Hao wa pili ndio wenzetu.

Bodi linafungwaje juu ya chasisi mpya?

Land Rover za zamani zilifungwa chuma kwa chuma. Chasisi za kisasa zinajisokota barabarani kwa makusudi, na bodi linakaa juu ya mipira ili lisisokotwe nalo. Kwa hiyo tumia mipira, ikiwezekana ya chasisi uliyonunua, mipya.

Vishikio vya zamani na vipya havitakutana. Lazima utengeneze vipya, na hapa fundi mwenye haraka atachukua grenda na drili akatoboa juu ya chasisi palipo karibu. Mzuie. Sehemu ya juu na ya chini ya boriti ndizo zinazobeba mkazo mkubwa. Tundu likiwekwa hapo ndipo ufa unapoanzia. Tumia matundu ya kiwandani kadiri unavyoweza, na ikibidi kutoboa, toboa ubavuni, katikati. Kwenye boriti ya boksi weka kipande cha bomba ndani ya tundu, kivuke upande hadi upande, ili ukikaza bolti usiibonyeze boriti. Bolti ziwe zimeandikwa 8.8 kichwani. Za dukani zisizo na namba ni za kufungia mageti.

Panga kwanza kwa mbao. Weka bodi juu ya vipande vya mbao, rekebisha unene hadi milango yote ifunguke na kufungwa kwa kidole, kisha pima unene wa kila mbao na ndipo utengeneze vishikio. Mlango unaogoma sasa hautakubali baada ya rangi.

Usukani na pedali je?

Boksi la stelingi la chasisi mpya libaki mahali pake. Kinachobadilika ni fimbo kutoka usukani hadi kwenye boksi, kwa sababu ukuta wa injini wa zamani uko mahali tofauti. Tumia fimbo yenye krosi mbili na meno ya kuingiliana. Ukiona krosi moja imepindwa sana, ongeza ya tatu na bearingi ya kushikilia katikati. Fimbo ya stelingi kuunganishwa kwa kuchomelea mtaani hatukubali, hata mteja akisema ni kwa muda tu.

Pedali za kisasa zinaning'inia kutoka juu, na busta ya breki inatokeza upande wa injini. Ukuta wa zamani ni karatasi nyembamba, ukikanyaga breki kwa nguvu unapinda na pedali inazama. Uimarishe kwa sahani ya chuma iliyoungana na kishikio cha bodi. Pia hakikisha busta haigombani na boneti. Land Rover boneti yake iko chini pembeni.

Injini nayo niichukue ya kisasa? Umeme wake unanitisha.

Una haki ya kutishika. Injini kama 1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya silinda sita na sentimita za ujazo 4,164, pampu yake ni ya kimekanika. Ipe dizeli, ipe umeme wa kuwashia, inawaka. Hilux za 3L na 5L ni vilevile. Kwa mtu anayekaa Pangani au Mkinga, mbali na mafundi wa umeme, tunamshauri abaki kwenye familia hiyo.

Vigo ya D-4D, iwe ya 2,494 au ya 2,982, haiwaki bila kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Ukiinunua, nunua na kila kitu kilichoungana nayo: nyaya nzima bila kukatwa, kontroli boksi, pedali ya mafuta yenye sensa, swichi na ufunguo wake ule wenye kitambulisho ndani, na dashibodi. Anayeuza gari vipandevipande atakwambia ufunguo umepotea. Gari hilo muachie.

Nyaya usizikate ili zitoshe. Zikunje, zifunge vizuri, zifiche chini ya kiti. Taa za zamani ziunganishe kupitia rilei, na athi iwe ya waya mnene kutoka bodi hadi chasisi na hadi injini, kwa sababu sasa bodi lako limekaa juu ya mipira na aluminiamu iliyopigwa rangi haipitishi umeme. Nusu ya matatizo ya umeme ya magari haya ni athi.

Mifuko ya hewa ya ajali haitafanya kazi salama kwenye bodi ambalo halikutengenezewa. Iondoe yote pamoja na moduli yake, usiiache nusu. ABS unaweza kubaki nayo kama sensa za magurudumu na pete zake hujazigusa.

Joto?

Ndilo litakalokusumbua zaidi ya unavyodhani. Pua za pikapu za zamani ni nyembamba, rejeta za kisasa ni pana. Watu wanaweka rejeta ndogo ili ipite, halafu wanashangaa. Kata paneli ya ndani, weka rejeta ya injini yenyewe, na uzibe pembeni kwa karatasi ya chuma ili upepo upite ndani ya rejeta na si kandokando. Jihadhari na D-4D za Vigo: nyingi kipoozea cha hewa inayoingia kwenye injini (intakula) kimekaa juu ya injini na kinavuta upepo kupitia tundu la boneti. Boneti ya zamani haina tundu hilo. Ama utoboe, ama ukihamishie mbele kwa mabomba.

Breki za zamani naweza kubaki nazo?

Usihangaike. Unahamia chasisi ya kisasa kwa ajili ya breki zake.

Kutu itanirudia? Nakaa Raskazone.

Unavuta upepo wa bahari mchana na usiku, kwa hiyo ndiyo, usipoizuia. Wakati chasisi iko tupu ndio wakati pekee utakaoifikia yote. Isuguliwe hadi chuma cheupe, ipigwe praima yenye zinki, kisha rangi ya kuchanganya na hadina. Ndani ya maboksi nyunyiza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu, na matundu ya kutolea maji yaache wazi. Oili chafu tunayoizoea inaharibu mipira na bushi, na ikichuruzika barabarani ni balaa kwa bodaboda.

Mwenye bodi la aluminiamu ana tatizo la pili. Aluminiamu ikigusana na chuma palipo na maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa; utaona unga mweupe na rangi kuvimba pembezoni mwa bolti. Kila mahali zinapokutana weka mpira au gundi ya kuzibia, piga rangi pande zote mbili, na washa za bolti ziwe na kitu cha kutenga. Kama unabebea chumvi au samaki, osha sehemu ya mizigo kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Kesho ni mbali.

Wakati wa kuchomelea niangalie nini?

Betri itolewe nyaya zote mbili, na kontroli boksi ichomolewe. Athi ya mashine ifungwe karibu na mahali panapochomelewa, isipitishwe kwenye bearingi. Tangi lishuke kabisa. Kuosha hakutoshi, mvuke ndio unaolipuka. Mabomba ya breki yasogezwe.

TRA na trafiki watasemaje?

Gari kwenye karatasi linafuata namba ya chasisi. Ukiweka bodi la Land Rover ya 1965 juu ya chasisi ya Defender, mbele ya serikali hilo ni Defender lililobadilishwa bodi, na kadi inayotembea nayo ni ya Defender. Usijaribu kuligeuza liwe la 1965 kwa kuhamisha kibao au kukata kipande chenye namba na kukipandikiza. Kuchezea namba ya chasisi ni kosa la jinai, na mkaguzi wa magari akiona kichomeleo karibu na namba, maongezi yamebadilika.

Kabla ya kununua chasisi, linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na peleka namba polisi wathibitishe si gari la wizi. Hakikisha jina la kadi ni la anayekuuzia, na mwandikishiane mkataba. Nenda ofisi ya TRA ukiwa bado hujakata kitu, uwaeleze unachotaka kufanya, kwa sababu aina ya bodi, rangi na namba ya injini vimeandikwa kwenye usajili na mabadiliko yake yanapaswa kuripotiwa. Kazi ikiisha gari linakaguliwa na polisi. Piga picha kila hatua. Mkaguzi akiuliza vishikio vya bodi vilivyo, unamwonyesha picha za kabla rangi haijavifunika.

Bima wape picha na maelezo ya kweli. Aliyekata bima ya Defender akagonga na kitu chenye sura ya gari la babu yake, atakuwa na maswali mengi ya kujibu. Na ukitaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo, kuna leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, juu ya hayo.

Itachukua muda gani, na pesa?

Tanga tunasema waja leo warudi leo. Kazi hii haiujui msemo huo. Kuvua, kupima na kulaza bodi mahali pake ni sehemu ya haraka, na ndiyo inayowafanya watu waamini wamemaliza. Kinachokula muda ni umeme, mabomba, milango kukaa sawa na rangi. Pesa inafuata mpangilio huohuo: ya kwanza chasisi, ya pili fundi bodi na rangi, ya tatu vitu vidogovidogo ambavyo hakuna aliyevipigia hesabu, bolti, mipira, mabano, mabomba.

Lipa kwa hatua. Bodi likae na milango ifunge, lipa. Gari liwake na lisimame kwa breki, lipa. Rangi iwe ya mwisho kabisa, baada ya gari kutembea. Fundi anayetaka kupiga rangi kwanza anataka uone uzuri ulipe zote.

Nitajuaje gari limekaa sawa?

Anza hapa mjini, Kange hadi Pongwe na kurudi, ukiwa huna mzigo. Rudi gereji, kaza bolti zote za bodi upya, maana mipira imekaa. Peleka alaimenti. Kama bodi lako ni la aluminiamu, gari litakuwa jepesi kuliko chasisi ilivyozoea na nyuma litarukaruka. Punguza bapa moja la springi kila upande, lakini lihifadhi.

Likikubali hapo, lipeleke Mombo ulipandishe Lushoto. Ni kama kilomita 33 za kona na mlima hadi karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kupanda kunajaribu rejeta, kushuka kunajaribu breki, na kona zinajaribu kila kishikio ulichotengeneza. Angalia geji ya joto, sikiliza milango. Ukifika juu, fungua boneti ukiwa umeacha injini ipoe, papasa mabomba yote. Ukishuka Mombo, ingia chini ya gari na tochi: tafuta rangi iliyochubuka palipogusana vitu visivyopaswa kugusana, na bolti zenye vumbi jipya jekundu.

Chasisi ya zamani niifanyeje?

Usiiuze chuma chakavu siku ileile. Ihifadhi hadi gari jipya limekaguliwa na kadi imerekebishwa, kwa sababu mpaka hapo bado utahitaji kwenda kupima kitu juu yake. Kama nayo ina kadi, iripoti TRA kwamba gari hilo limeondoka barabarani. Ukimpa mtu chasisi na kadi pamoja na lolote likatokea, jina lililoandikwa bado ni lako.